Mama wa Matangi Anajibu: Kifaranga Huyu Ni wa Wapi?

Tangu mwezi uliopita nilipogusia samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, simu yangu haipumziki. Picha ni za vifaranga tu, na nyingi zimepigwa usiku, samaki yumo ndani ya ndoo nyekundu anamulikwa na tochi. Kwa picha za namna hiyo hata aliyemzaa hamtambui.

Kwa wasionijua: miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuchambua samaki hai katika matangi ya saruji hapa Kigoma, kabla hawajafungwa kwenye mifuko ya hewa kupelekwa Ulaya, Marekani na Japani. Sikuwa mzamiaji. Wazamiaji walileta, mimi nikatenganisha: huyu wa mwamba ule, yule wa ghuba ile, yule mwingine mgonjwa arudi pembeni. Nimechagua barua tano. Ambazo sikuzijibu ni zile zenye swali moja tu, "bei gani?"

*

*Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa Mwanga, Kigoma. Mwaka jana nilinunua vifaranga kumi na wawili kwa jamaa mmoja pale Kibirizi. Walikuwa weusi, vidoa vyeupe mwili mzima, wanapendeza ajabu. Akaniambia ni Maswa halisi, wakikua watakuwa na mkanda mpana wa njano. Sasa vidoa vinafutika. Wengine wamebaki weusi tu, kichwa kinageuka bluu, na wawili wana kitu kama doa la maziwa ubavuni. Mkanda wa njano siuoni. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?*

Marahaba mwanangu. Tulia kwanza. Samaki wako ni duboisi, mmoja wa samaki wa mawe waitwao Tropheus, hilo halina ubishi. Katika ukoo mzima wa Tropheus hakuna mwingine ambaye utotoni huvaa lile vazi la ndege kanga: mwili mweusi ti, vidoa vyeupe vyenye kaubluu kwa mbali, kuanzia shavuni hadi kwenye shina la mkia. Watoto wa Tropheus wengine huwa na mistari hafifu ya kusimama, si vidoa. Kwa hiyo aliyekuuzia hakukudanganya aina ya samaki.

Vidoa kufutika nako si ugonjwa wala si maji mabaya. Duboisi akifika urefu wa sentimita tano hivi vidoa huanza kufifia, na akifika saba vingi vimekwisha. Kichwa kinageuka bluu, mwili unabaki mweusi, na ubavuni, nyuma kidogo ya pezi la pembeni, kunatokea mkanda unaoshuka kutoka mgongoni hadi tumboni. Jike na dume wote hupitia hayo hayo, kwa hiyo usianze kusema "hawa weusi ndio madume". Mtu mzima hufika kama sentimita kumi na mbili.

Lile doa la maziwa uliloliona ndilo mkanda wenyewe, ndio kwanza unazaliwa. Huanza umepauka, kingo zake zimechafukachafuka, mara nyingine kumebaki kidoa kimoja cha utotoni katikati yake. Ukitazama kwa karibu utaona magamba ya pale hayajakubaliana: moja jeupe, la jirani jeusi, la tatu kijivu. Kukolea ni baadaye.

Sasa kuhusu hiyo "Maswa halisi". Duboisi wa Maswa, sehemu ya ziwa hili huko kusini ukishapita mdomo wa mto Malagarasi, ndiye anayesifika kwa mkanda mpana wa njano. Wa sehemu nyingine mkanda wao huwa mwembamba zaidi, au mweupe, au rangi ya krimu. Lakini hiyo ni habari ya watu wazima. Katika umri wa vidoa, mtoto wa Maswa na mtoto wa duboisi wa huku kwetu ukiwachanganya kwenye beseni moja, hakuna jicho litakalowatenganisha. Langu halikuweza, na nililipwa mshahara kwa kazi hiyo. Jamaa wa Kibirizi hakuwa na namna ya kujua kwa kuwatazama. Angejua kwa jambo moja tu, nalo ni mahali walipotolewa wazazi wao.

Ndiyo maana kule kazini kila tangi lilikuwa na kibao cha chokaa: jina la mahali, jina la mzamiaji, tarehe. Samaki akiruka kutoka tangi moja hadi jingine (na Tropheus huruka, msifunue matangi usiku) hatukumrudisha kwa kukisia. Aliwekwa kando, akauzwa kama samaki asiye na kwao, kwa bei ya chini. Mnunuzi wa nje analipia jina la mwamba kuliko anavyolipia samaki, na ndiyo sababu siku hizi hapa mjini kila kidoa cheupe kinaitwa Maswa.

Fanya hivi. Rudi kwa jamaa, bila ugomvi, umuulize mzamiaji alikuwa nani na alitupa nyavu wapi. Akijibu "huko kusini" tu, hajui. Halafu subiri mkanda ukamilike, juu hadi chini. Usiupime kwa rula maana samaki bado anakua. Upime kwa jicho la samaki mwenyewe: mkanda unaingia macho mangapi kwa upana? Linganisha wote kumi na wawili. Kama wote wanakaribiana, angalau ni ndugu wa sehemu moja. Kama mmoja mkanda wake ni uzi na mwenzake ni mshipi, umechanganyiwa, na hapo usiwaache wazaliane.

Na watazame asubuhi, taa ikiwa imewaka nusu saa, mwanga ukitokea mbele ya kioo na si mgongoni mwao. Samaki aliyetoka usingizini amepauka. Aliyefukuzwa na mbabe wa tangi naye amepauka, na katika kumi na wawili hakosi mnyonge mmoja anayekaa juu pembeni karibu na bomba. Huyo usimhukumu kwa rangi hata kidogo.

*

*Mama mwenzangu, habari za huko. Nina nyumba ndogo ya wageni Ujiji na nimeweka tangi la kioo sebuleni. Nilinunua samaki watano wadogo, urefu wa kidole cha shahada, wenye mistari myeusi na myeupe ya kusimama. Niliambiwa ni frontosa wa Kigoma. Juzi mgeni Mjerumani amewatazama akacheka, akasema hawa si frontosa. Mimi naona frontosa kabisa. Nani mkweli?*

Salama dada yangu, poleni na joto. Hesabu mistari.

Sikutanii. Kwa frontosa tuna bahati ambayo kwa duboisi hatuna: mistari yake ya utotoni ndiyo ya uzeeni. Anazaliwa nayo, anazeeka nayo. Frontosa wa Kigoma anajulikana dunia nzima kwa mistari saba, ukihesabu pamoja na ule wa kichwani unaopita machoni. Wa sehemu nyingine nyingi za ziwa wana sita. Wale wa kusini, mwaka 2003 watafiti wa Kijapani waliwatenga wakawapa jina lao, gibberosa, na moja ya sababu zao ilikuwa idadi ya safu za magamba ubavuni. Hilo halikuhusu wewe wa sebuleni.

Ukihesabu ukapata mitano, basi mgeni wako anajua anachosema. Huyo karibu hakika ni tretocephalus, naye ni wa huku huku kwetu. Wakiwa na urefu wa kidole wanafanana kiasi cha kumdanganya mtu yeyote aliye na haraka, na muuzaji daima ana haraka. Ila mtazame umbo: tretocephalus ni mrefu mwembamba, mdomo umechongoka. Frontosa hata akiwa mdogo ana kifua kipana na uso wa kuangukia mbele, kama amenuna. Usitafute nundu ya kichwani. Nundu ni ya watu wazima, hasa madume, na kifaranga hana hata dalili.

Hesabu kwa kutumia samaki aliyetulia. Akiogopa, mistari hufifia, mmoja unaweza kupotea kabisa machoni pako na saba ikawa sita. Kaa mbali na kioo, chukua chai yako, umsubiri asahau kuwa upo. Hesabu pande zote mbili pia, kwa sababu mara nyingine upande mmoja una mstari uliogawanyika mithili ya Y, na watu hugombana kama ni mmoja au miwili. Sisi tuliuhesabu mmoja.

Kama kweli ni tretocephalus usiwatupe. Ni wazuri, hufika sentimita kumi na tano hivi, chakula chao ziwani ni konokono. Ubaya wao ni ugomvi: wakishapevuka, jozi moja itaua wengine watatu. Frontosa yeye ni mpole lakini hupita sentimita thelathini, na tangi la sebuleni la kawaida halimtoshi. Sijui kama muuzaji alikwambia hilo. Nadhani hakukwambia.

Jambo la mwisho kwako. Frontosa mkubwa hukaa kina kirefu, na akipandishwa haraka tumbo hujaa hewa. Ukiletewa mkubwa anayeelea kichwa chini, "wa leo leo", usimnunue hata kwa nusu bei.

*

*Kwako Mama wa Matangi. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Tabora. Wanafunzi wangu wameniuliza swali lililonishinda: inakuwaje samaki wa aina moja katika ziwa moja awe na rangi tofauti kila baada ya kilomita chache? Ndege wanaruka wanachanganyika. Samaki anaogelea, kinachomzuia nini?*

Mwalimu, wape hongera wanafunzi wako. Kinachomzuia ni mchanga.

Tropheus anaishi kwenye mawe. Anakula ukijani ulioota juu ya jiwe, anajificha chini ya jiwe, anapigania jiwe. Mbele ya eneo la mchanga mtupu hawezi kujificha, na kwenye maji ya kina hana chakula. Kwa hiyo havuki. Ghuba ya mchanga ya kilomita chache kwake ni ukuta. Mdomo wa mto wenye tope ni ukuta mkubwa zaidi, na ninyi wa Tabora mnaufahamu mmoja vizuri: Malagarasi, unaopita kwenye mabwawa yenu na Uvinza, ukifika ziwani unamwaga matope kiasi kwamba samaki wa mawe wa kaskazini yake na wa kusini yake hawaonani.

La pili ni uzazi. Samaki wengi hutaga mayai maelfu, mengine yakachukuliwa na maji. Mama Tropheus anataga machache, mara nyingi hayazidi kumi na tano, lakini makubwa, kisha anayabeba mdomoni takriban mwezi mzima. Anapowatema watoto wameshakamilika, wana zaidi ya sentimita moja, na amewatema kwenye mawe yale yale alikozaliwa yeye. Hakuna anayesafiri. Bibi, mama na mjukuu wote mtaa mmoja.

Ongeza muda. Ziwa hili lina umri wa mamilioni ya miaka, kina chake hufika mita 1,470, na zamani maji yalipanda na kushuka mara nyingi, mara nyingine kwa mamia ya mita. Maji yakishuka, miamba iliyokuwa mbali inakutana. Yakipanda, inatengana tena. Jamii zimechanganywa na kugawanywa hivyo mara nyingi, na kila kundi likabaki na rangi iliyopendwa na majike wa pale au iliyobaki kwa bahati tu. Mtaalamu wa samaki Boulenger alipomwandika Tropheus wa kwanza mwaka 1898, kutokana na samaki walioletwa na msafiri Mwingereza Moore, alikuwa na samaki wa kwenye chupa ya spiriti, na kwenye spiriti rangi hufa. Leo wafugaji wanataja rangi zaidi ya mia moja, nyingi zikiitwa kwa majina ya vijiji na rasi za ziwa.

Wanafunzi wako wakitaka kuona wenyewe, reli ipo. Waje Kigoma kipindi maji yametulia, wavae miwani ya kuogelea, wasimame kwenye mawe maji yakiwa kifuani. Hawahitaji kuzama.

*

*Shikamoo. Wa Kasulu. Nimeambiwa vifaranga vya Tropheus nikivilisha dagaa waliosagwa vitatoa rangi haraka na nitajua mapema ni aina gani. Ni kweli?*

Marahaba. Si kweli, na utawaua. Utumbo wa Tropheus ni mrefu, umeumbwa kwa ukijani wa mawe. Dagaa huwavimbisha tumbo, wanakataa kula, wananya uzi mweupe, na wiki haiishi unazika tangi zima. Wape mchicha uliochemshwa kidogo, au chakula cha mwani cha dukani ukikipata, kidogo kidogo mara nyingi.

Chakula kinaweza kukoleza wekundu au njano ambayo samaki tayari anayo. Hakiwezi kuleta mkanda kabla ya wakati wake wala kubadili mchoro. Na ukiuziwa kifaranga wa sentimita tatu mwenye rangi kamili ya dume mzima, shtuka: wapo wanaowalisha homoni ili wauzike, na rangi ile hupotea baada ya muda.

*

*Mama shikamoo, niko Katonga, nazamia. Nina vifaranga zaidi ya arobaini vya leptosoma waliozaliwa tangini kwangu. Madume niliyokuwa nayo ni mawili, mmoja mkia njano, mwingine mkia wa bluu iliyoiva hadi nyeusi. Vifaranga wote wako rangi ya fedha. Nawatenganishaje wenye mkia njano kabla ya kuuza? Na wakinizidi, naweza kuwarudisha ziwani?*

Marahaba baba. Huwezi kuwatenganisha, na sababu ni tofauti na ya duboisi. Kwa duboisi mahali ndipo panapoamua. Kwa leptosoma, kundi moja, mwamba mmoja, siku moja, utakuta madume wa mkia njano na madume wa mkia wa bluu wakiogelea bega kwa bega, na wote hao ni wa aina moja. Wewe mzamiaji umewaona mara elfu. Majike ni wa fedha maisha yao yote. Kwa hiyo kifaranga wa fedha anaweza kuwa jike, au dume wa mkia huu, au wa mkia ule, na kumtafuta baba yao hakukusaidii, maana jike hubeba mayai mdomoni na hukujua nani aliyapandisha.

Subiri wafike sentimita sita au saba. Dume ataanza kuonyesha kwenye ncha za mapezi ya tumboni, kanjano kadogo kama kametiwa kwa njiti, kisha mkia unafuata. Mteja akitaka njano leo, mwambie leo hakuna. Ukimuuzia kumi kwa matumaini, matano yatakuwa majike na utamkuta mlangoni.

Kuhusu kurudisha ziwani: hapana. Wazazi wao uliwatoa Katonga wote? Una hakika, au mmoja ulipewa na mwenzio aliyetoka kusini? Ukimwaga arobaini hapo mbele ya mwalo, unachanganya damu ambayo ziwa limeitenga kwa maelfu ya miaka, na unaweza kumwaga pamoja nao magonjwa ya tangini. Tropheus ndio kabisa usithubutu. Uza, au gawa kwa wenye matangi.

Na kwa kuwa umesema unazamia: kukamata na kuuza samaki wa mapambo kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, ofisi ya uvuvi ya wilaya watakuelekeza. Hifadhi ya Mahale nayo haiishii ufukweni. Mpaka wake unaingia majini kilomita 1.6, na mawe mazuri unayoyaona kule yamo ndani yake. Nimeona vijana wakinyang'anywa mtumbwi, nyavu na mitungi kwa kutojua hilo.

*

*Mwezi ujao: matangi ya maji ya bomba na ya ziwa. Ukituma picha, piga mchana, samaki awe nyuma ya kioo kisafi, ubavu mzima uonekane, na uandike alipotolewa.*